Soma Kabla ya Kufuta

Taa ndogo ya njano yenye umbo la injini ikiwaka kwenye dashibodi ya Toyota IST, ushauri wa kwanza anaoupata mwenye gari, awe Mbagala au Kawangware, huwa ni uleule: chomoa waya wa betri, ngoja robo saa, urudishe. Na mara nyingi taa huzimika kweli. Gari linawaka vizuri, jirani aliyetoa ushauri anashukuriwa, safari zinaendelea. Siku ya tatu au ya nne, katikati ya foleni, taa ileile inawaka tena.

Aliyechomoa betri hakutengeneza kitu. Alifuta kumbukumbu ya kompyuta ya gari, ile ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi, na pamoja nayo akafuta ushahidi ambao ungemwonyesha fundi pa kuanzia: mfumo gani ulilalamika, injini ilikuwa na joto kiasi gani, gari lilikuwa katika mwendo gani. Ni kama mgonjwa aliyechana majibu ya maabara akitaraji homa itashuka.

Sura hii inahusu kazi mbili ambazo mwenye gari anaweza kuzifanya nyumbani: kuirudisha kompyuta ya gari katika hali yake ya mwanzo, na kufuatilia hitilafu ya umeme hadi ilipo. Zote mbili zinahitaji vifaa vichache: spana namba 10, brashi ya waya, mita ya kupimia umeme, na ikiwezekana kisomaji cha misimbo. Zinahitaji pia utaratibu, na hapo ndipo wengi hukwama.

Taa iliyotokana na moshi

Taa ya cheki injini haikubuniwa kwanza kwa ajili ya mwenye gari. Ilibuniwa kwa ajili ya hewa. Katika miaka ya 1940 jiji la Los Angeles lilikuwa likifunikwa na ukungu uliochoma macho na kukausha koo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha katika chuo cha Caltech, alionyesha jinsi ukungu huo unavyotokea: mwanga wa jua unachanganya mvuke wa petroli usioungua na gesi za naitrojeni zinazotoka kwenye magari na viwanda. Mwaka 1967 jimbo la California likaunda bodi ya kulinda hewa, naye akawa mwenyekiti wake wa kwanza.

Mwaka huohuo Volkswagen ilianza kuuza Marekani gari lake la 1600 likiwa na D-Jetronic, mfumo wa Bosch uliotumia kisanduku cha elektroniki kuamua ni petroli kiasi gani iingie kwenye injini, kazi iliyokuwa ya kabureta. Sheria za moshi zilivyozidi kukaza, visanduku hivyo vikapewa jukumu la pili, la kujikagua vyenyewe na kumwambia dereva pale kitu kinapoharibika na moshi kuzidi. Kuanzia modeli za 1996 kila gari jipya la abiria lililouzwa Marekani lililazimika kuwa na mfumo mmoja wa ukaguzi unaojulikana kama OBD-II. Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli, na Japani ikaja na kanuni zake za aina hiyo mwaka 2008.

Mwaka huo wa 2008 una maana kubwa kwa barabara za Afrika Mashariki, ambako magari mengi ni ya mtumba kutoka Japani. Vitz ilianza kuuzwa mwaka 1999 na IST mwaka 2002. Zile za miaka ya mwanzo zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinaweza kuwa na tundu la kuchomekea kisomaji lenye umbo sawa kabisa na la magari ya Marekani, lakini kompyuta zake zinazungumza lugha ya Toyota yenyewe. Ndiyo sababu kisomaji cha bei nafuu kinachounganishwa na simu hukataa kuwasiliana na gari la mwaka 2003, kisha kikafanya kazi bila shida kwenye la mwaka 2012. Gari halijafa, wala kisomaji hakijaharibika. Havielewani tu, na linalotakiwa ni mashine inayoijua lugha ya Toyota.

Kuisoma kumbukumbu

Tundu la kisomaji huwa chini ya usukani, juu kidogo ya magoti ya dereva. Lina pini 16. Ya 16 inapokea umeme wa betri muda wote, hata funguo ikiwa mfukoni. Ya 4 na ya 5 ni za eathi. Mwenye kisomaji huchomeka, hufungua swichi bila kuwasha injini, kisha husoma msimbo wenye herufi moja na tarakimu nne. P ni injini na gia, B ni bodi, C ni breki, usukani na vifaa vya chini ya gari, U ni mawasiliano kati ya kompyuta na kompyuta.

Msimbo hautaji spea ya kununua. Hili ndilo kosa linalokula fedha nyingi kuliko yote. Chukua P0171, unaosema kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inapogundua hewa imezidi, kompyuta huongeza petroli, ikaongeza tena, hadi ikafika kikomo cha nyongeza inayoruhusiwa. Hapo ndipo huwasha taa. Wengi wakiona neno oksijeni kwenye maelezo hukimbilia kununua sensa ya oksijeni, wakati sensa hiyo ndiyo iliyosema kweli. Mara nyingi ubovu uko kwingine: mpira wa hewa uliopasuka baada ya chujio, sensa ya kupima hewa iliyoshika vumbi, au pampu ya petroli iliyochoka.

Hapo pia ndipo linapofumbuliwa fumbo la siku tatu. Betri ikichomolewa, kompyuta husahau nyongeza zote ilizojifunza na kuanza upya. Isitoshe, kwa hitilafu nyingi haiwashi taa mara ya kwanza. Husubiri ione kosa lilelile katika safari mbili mfululizo. Mpira uliopasuka bado umepasuka, lakini kompyuta inahitaji safari kadhaa ili ifikie tena uamuzi uleule. Kinyume chake pia ni kweli: kosa likiondoka kweli, taa huzimika yenyewe baada ya safari tatu nzuri mfululizo, na msimbo hufutika baadaye, injini ikishapoa na kupata moto mara 40 bila kosa kurudi. Aliyetengeneza gari lake sawasawa anaweza kuiacha kompyuta ijifutie yenyewe.

Mfano mwingine unaonyesha jinsi msimbo unavyoweza kumwongoza mtu asiye fundi. P0301 husema silinda ya kwanza inamisi. Kwenye injini ambayo kila silinda ina koili yake, mwenye gari huzima injini, huhamisha koili ya silinda ya kwanza kwenda ya tatu na ya tatu kuja ya kwanza, hufuta msimbo, kisha huendesha. Msimbo ukirudi kama P0303, koili ndiyo mbovu, kwa sababu ubovu umehama nayo. Ukirudi P0301, koili ni nzima na uchunguzi unahamia kwenye plagi, nozeli au silinda yenyewe. Jaribio hilo huchukua nusu saa na halihitaji spea hata moja.

Taa ikiwa inawaka na kuzima mfululizo wakati gari linatembea, suala ni jingine. Hapo injini inamisi kiasi cha kupeleka petroli isiyoungua kwenye ekzosi, ambako inaweza kuunguza kichujio cha moshi. Dereva apunguze mwendo mara moja na asiendelee na safari ndefu.

Kwa Toyota za zamani zisizokubali kisomaji, ipo njia ya waya. Kwenye kisanduku kidogo cha uchunguzi kilicho chini ya boneti, tundu la TE1 huunganishwa na E1 kwa kipande kifupi cha waya; kwenye tundu la pini 16 la baadhi ya modeli, huunganishwa la 4 na la 13. Swichi ikifunguliwa, taa ya cheki injini hupepesa namba. Mipepeso miwili, kituo, kisha miwili tena ni 22, yaani mzunguko wa sensa ya joto la maji. Njia hii inataka macho na mkono mtulivu, kwani waya ukiteleza ukagusa pini ya 16, utapiga shoti.

Kilichosomwa kiandikwe, au kipigwe picha kwa simu. Misimbo yote, na ile picha ya hali ya injini ambayo kompyuta huihifadhi pale kosa linapotokea: joto, mzunguko, mwendo. Hapo ndipo kufuta kunaruhusiwa.

Kufuta kwa utaratibu

Njia safi ni kufuta kwa kisomaji, kwa sababu humgusa mhusika peke yake: misimbo inaondoka, saa na redio zinabaki. Njia ya pili, kwenye Toyota nyingi za zamani, ni kuzima swichi na kuchomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa dakika moja au zaidi. Kuchomoa betri iwe njia ya mwisho, na kuna sababu inayojulikana sana na wanunuzi wa magari ya Japani. Redio nyingi za Toyota zenye ramani hujifunga zikikosa umeme, na zikirudishiwa zinadai kadi ya ramani au namba ya siri, tena kwa Kijapani. Mtu aliyetaka kuzima taa moja hujikuta amepoteza redio na anatafuta wa kuifungua.

Anayelazimika kuchomoa betri aanze na kichwa cha hasi, na akirudisha amalizie na hasi. Sababu ni rahisi: bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi. Spana inayofungua chanya huku hasi ikiwa bado imefungwa, ikigusa bodi, itapitisha mkondo mkubwa na kuwa nyekundu mkononi. Pete na bangili zivuliwe, na sigara isikaribie, kwani betri inayochajiwa hutoa haidrojeni.

Umeme ukirudi, gari linaweza kukosa sailensi, yaani injini ikatetemeka au kuzimika likiwa limesimama. Kompyuta inajifunza upya. Injini iachwe ipate moto, AC na taa zikiwa zimezimwa, ikae hivyo kwa dakika kama 10, kisha gari liendeshwe kwa mwendo wa kubadilikabadilika. Vioo vya umeme vinaweza kupoteza uwezo wa kupanda vyenyewe hadi vifundishwe upya kwa kushikilia swichi kioo kikiwa kimefika juu. Nissan nyingi, hasa baada ya kusafishwa mlango wa hewa, huhitaji mashine ya fundi ili zipate tena sailensi sahihi.

Umeme huenda na kurudi

Hitilafu nyingi ambazo kontroli boksi hutupiwa lawama kwazo hazimo humo. Zimo kwenye betri, kwenye vichwa vyake, kwenye waya za eathi, kwenye fyuzi. Kompyuta ni ya mwisho kushukiwa, na uchunguzi unaanza na mita.

Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Ikiwa chini ya 12, ni tupu au inakaribia. Wakati stata inazungusha injini, volti zisishuke chini ya 9.6 hivi, zikishuka, betri imechoka au haina chaji. Injini ikishawaka, altaneta inatakiwa kuonyesha kati ya 13.5 na 14.7 kwenye magari mengi. Vipimo hivi vitatu huchukua dakika 5, na vinafaa kutangulia kila mazungumzo kuhusu kompyuta, kwa sababu betri dhaifu inaweza kuzua misimbo kumi isiyohusiana. Kompyuta zikikosa volti za kutosha zinapoteza mawasiliano, kila moja inamlalamikia mwenzake, na orodha inatisha.

Baada ya betri huja eathi. Umeme unaotoka chanya lazima urudi hasi, na njia ya kurudi ni bodi na injini. Huku pwani, Dar es Salaam, Mombasa, Unguja, hewa ya chumvi hula maungio hayo taratibu. Shaba inaota ukungu wa kijani na boliti zinashika kutu chini ya rangi. Kwa macho waya unaonekana mzima. Kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827 inaonyesha madhara yake: stata ikivuta ampea 150 kupitia ungio lenye ukinzani wa omu 0.01 tu, volti 1.5 zinapotea hapo hapo. Mita nyingi za bei nafuu haziwezi hata kuupima ukinzani mdogo kiasi hicho.

Kwa hiyo hupimwa volti zinazopotea. Waya mweusi wa mita huwekwa kwenye nguzo ya hasi ya betri, mwekundu kwenye chuma kitupu cha injini, na msaidizi azungushe stata. Mita ikionyesha volti 0.1 au 0.2, eathi ni nzuri. Ikionyesha 1, kuna ungio la kufunguliwa, kusuguliwa kwa brashi ya waya hadi ling'ae, na kukazwa tena. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huoshwa kwa maji ya moto yaliyochanganywa na magadi ya kuokea, baada ya vichwa kufunguliwa, na maji yasiingie ndani ya betri.

Kisha kuna gari linalolala zima na kuamka halina umeme. Kuna kitu kinanyonya. Gari likishalala, mkondo wa kawaida huwa chini ya ampea 0.05, kiasi ambacho betri ya ampea-saa 45 inaweza kukihudumia kwa zaidi ya mwezi. Kitu kinachovuta ampea 0.5 huila ampea-saa 12 kwa siku. Betri ileile inamalizika kabla siku ya nne haijaisha, na stata inagoma mapema kuliko hapo. Washukiwa wa kawaida hapa kwetu wanajulikana: kingʼora kilichofungwa baadaye, kifaa cha kufuatilia gari, redio iliyounganishwa moja kwa moja na betri, taa ya buti isiyozimika.

Kumtafuta mhusika, mwenye gari huhamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, hufungua kichwa cha hasi na kuiweka mita kati ya kichwa hicho na nguzo ya betri. Milango ifungwe, funguo ikae mbali, na asubiri hadi nusu saa, kwani kompyuta huchelewa kulala. Asijaribu kabisa kuwasha injini mita ikiwa hapo, ataiunguza. Kisha achomoe fyuzi moja moja huku akiangalia mita. Fyuzi itakayoshusha namba ndiyo inayolisha kinachonyonya, na mfuniko wa kisanduku cha fyuzi utamwambia inalisha nini.

Mambo ya kuacha

Kwenye gereji za barabarani bado kuna desturi ya kupima altaneta kwa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma. Gari lisipozima, altaneta inasifiwa. Desturi hiyo ilivumilika enzi za kabureta. Betri hutuliza umeme wa altaneta. Ikiondolewa ghafla, volti zinaweza kuruka, na kwenye altaneta isiyo na kinga zikakaribia 100 kwa kitambo kifupi mno. Kitambo hicho kinatosha kuua kompyuta. Mita hutoa jibu lilelile bila hatari yoyote.

Fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa kubwa zaidi, wala kufungwa waya au karatasi ya sigara. Rangi zake ni lugha: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Waya uliowekewa fyuzi ya 10 ulipimwa kwa kazi hiyo. Ukilazimishwa kupitisha 30, waya wenyewe ndio utakaoungua, tena nyuma ya dashibodi.

Plagi na waya za njano za mifuko ya hewa zisiguswe kwa mita wala kwa taa ya kupimia. Mkondo mdogo unaweza kulipua mfuko. Toyota huagiza kusubiri angalau sekunde 90 baada ya kuchomoa hasi kabla ya kufungua chochote karibu nayo. Na kwenye haibridi kama Prius au Aqua, waya za rangi ya chungwa ni mpaka. Betri kubwa ya Prius ya kizazi cha pili ina volti 201.6, na mota yake hufanya kazi hadi volti 500. Hizo zinaua, na ni za fundi aliyefundishwa peke yake.

Alama ya aliyefuta jana

Maarifa haya yana faida ya mwisho siku ya kununua gari. Muuzaji asiye mkweli huijua vizuri ile mbinu ya jirani: anafuta misimbo asubuhi, mteja anakuja saa nane, dashibodi ni safi. Lakini kompyuta inapofutwa hupoteza pia matokeo ya majaribio yake ya ndani, ya kichujio cha moshi, ya sensa za oksijeni, ya mvuke wa petroli, na huyarudia kidogo kidogo kadiri gari linavyoendeshwa. Baadhi huchukua siku kadhaa. Kisomaji cha kawaida huonyesha kila jaribio limekamilika au bado.

Gari linalotumika kila siku na halijafutwa huwa na majaribio karibu yote yaliyokamilika. Mnunuzi akikuta mengi hayajakamilika, amuulize muuzaji betri ilichomolewa lini na kwa nini, aombe kuliendesha gari hilo kwa siku mbili tatu, na asitoe fedha hadi majaribio yamekamilika na taa bado imezima.